SOMO: TUNA DENI GANI KWA MCHUNGAJI ALIYEANZISHA KANISA LETU?



Maandiko ya kusoma: 1 Wakorintho 3:1-11, 1 Wakorintho 16:1-12, 1 Timotheo 5:17-20.

Wengi wetu tulipofika kambini tulikuta msitu. Alikuwako mtumishi aliyetukusanya chini ya mti, akafunga shitingi juu ya miti minne, akawazika wafu wetu na kuwabariki watoto wetu. Leo kanisa lina matofali na mabati. Mahali pengine mtumishi huyo amehamia nchi ya mbali, naye bado anapiga simu kuamuru nani ahubiri na sadaka itumikeje. Mahali pengine yuko pamoja nasi, lakini wazee wakiuliza hesabu anajibu, "Kanisa hili nililianzisha mimi." Waamini wanagawanyika. Ndugu waliokimbia vita pamoja hawasalimiani tena kwenye bomba la maji. Basi tujifunze kwa kanisa la Korintho.

1. Tuna deni la heshima na matunzo. Paulo alifika Korintho karibu na mwaka 50, akakaa mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11). Alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, ambao Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Roma pamoja na Wayahudi wengine. Wenzetu wakimbizi walikuwamo tangu mwanzo wa kanisa lile! Baadaye Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba walimu wanao wengi, ila baba aliyewazaa kwa Injili ni yeye (1 Wakorintho 4:15). Kwa hiyo mwanzilishi akizeeka au akiugua, tusimwache na familia yake walale njaa. Hilo si hisani, ni deni.

2. Hatuna deni la kuwa mali yake. Paulo alipoondoka, Apolo alikuja, na watu wakaanza kusema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo. Paulo angeweza kufurahia chama chake. Badala yake aliwauliza kama ni yeye aliyesulibiwa kwa ajili yao (1:13). Aliyepanda na aliyetia maji ni watumishi. Anayekuza ni Mungu, na msingi ni Kristo peke yake. Mkulima hupanda mahindi, lakini mvua si yake.

Mtu atasema: "Lakini Paulo naye aliagiza akiwa mbali." Ni kweli, aliandika akiwa Efeso, akakemea dhambi na kujibu maswali yao. Lakini tazameni sura ya 16. Mchango ulikuwa wa maskini wa Yerusalemu, na Paulo alitaka Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuupeleka. Alimsihi Apolo aende kwao, Apolo hakutaka wakati ule, na Paulo hakumlazimisha. Mwanzilishi aliye mbali anaweza kushauri na kuonya. Mfuko wa sadaka usifungwe na kufunguliwa kwa simu yake.

3. Utii una mipaka. Paulo alisema hata yeye mwenyewe akileta injili nyingine, asikubaliwe (Wagalatia 1:8). Alimkemea Petro mbele ya watu (Wagalatia 2:11-14). Lakini mashtaka juu ya mzee yasipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Basi tusifiche dhambi ya mchungaji kwa sababu aliwazika wafu wetu na kutubatiza, wala tusimhukumu kwa maneno ya kwenye foleni ya mgawo.

4. Tusimwondoe asiye na kosa. Mwishoni mwa karne ya kwanza Korintho iligawanyika tena: baadhi ya watu waliwaondoa wazee waliotumika bila lawama. Kanisa la Roma liliwaandikia barua ndefu, ambayo huitwa ya Klementi, likiwasihi warudi kwenye amani. Miaka kama arobaini kabla walimng'ang'ania mtu. Sasa waliwatupa watu. Ugonjwa ulikuwa ule ule.

Sisi wachungaji tuanze kutubu. Nasi tumewahi kusema "kanisa langu". Musa, alipoambiwa kwamba atakufa, alimwomba Mungu kiongozi mwingine, ili watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji (Hesabu 27:15-17). Hakuomba kiti kibaki kwa wanawe.

Maswali ya kujadili nyumbani:
- Ni nani aliyetuletea Injili? Tumemshukuru lini?
- Je, katika kanisa letu hesabu za sadaka husomwa mbele ya watu wote?
- Kuna ndugu ambaye hatumsalimu kwa sababu ya mchungaji? Tutamwendea lini?

Tunashauri swali la tatu lijibiwe kabla ya Meza ya Bwana ijayo. Mungu awabariki. Amina.