Somo la Nyumbani: Taa Zikizimika Siku Nyingi

Wanafunzi, mvua ikiharibu barabara ya Kindu, esansi na petroli zinapungua hapa Kasongo. Mawingu nayo yanazuia plake ya jua kujaza betri. Basi tutayarishe nyumba mbele ya hiyo siku.

1. Kiberiti na bujie tuziweke pahali pakavu, sikuzote palepale, mkono uzipate hata gizani.
2. Petroli ikikosa, mawese tuko nayo: kopo dogo, utambi mufupi wa pamba, taa inawaka.
3. Hapana kutia esansi katika taa ya petroli: italipuka.
4. Hapana kulala na mbabula ya makala, wala kuwasha mashini ya umeme ndani ya nyumba. Inatoka hewa ya sumu, haionekani, haina harufu. Inaua watu usingizini.

Ulizo: Kwa nini namba 4 inapita zote? Tuwaeleze wadogo zetu leo magaribi.