Mizani Moja ya Damu

Alhamdulillahi Rabbil-alamina, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Suala la somo letu ni hili: askari apigapo risasi katika maandamano na mtu akafa, yampasa Muislamu aseme nini? Barazani husikika majawabu mawili. Mmoja husema: "Ameyataka mwenyewe, lau angalikaa kwao asingalikufa." Mwingine husema: "Askari wote ni wauaji." Majawabu haya yaonekana kupingana, lakini kosa lake ni moja: yote mawili yamtazama mtu ni wa upande gani, wala hayakitazami kilichotendwa.

Kwanza, tuyakumbuke mambo yenyewe. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana katika miji mingi ya Kenya kuupinga Mswada wa Fedha. Huko Nairobi baadhi yao waliingia Bungeni, na sehemu ya jengo ikatiwa moto. Askari wakapiga risasi, watu wakafa. Siku ya pili yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule. Mwanzo wa Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikataja watu 39 waliokufa tangu maandamano yaanze. Mwaka 2025 damu ikamwagika tena, tarehe 25 Juni na tarehe 7 Julai. Na baadaye Rais akasema kwamba mwenye kuchoma mali ya watu apigwe risasi ya mguu. Wako waliopiga makofi, na wako walioghadhibika.

Pili, tutazame sheria ya nchi. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 chawapa watu haki ya kuandamana, maadamu ni kwa amani na bila ya silaha. Na sheria ya polisi ya mwaka 2011 yamtaka askari atangulize njia zisizo za nguvu, na akitumia nguvu ziwe kwa kadiri. Mwizi wa dukani ana adhabu yake mbele ya hakimu. Wala askari hakupewa kuwa shahidi, hakimu na mwenye kutimiza hukumu kwa wakati mmoja.

Tatu, tuitazame dini yetu. Baada ya Makka kufunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimpeleka Khalid bin Walid kwa Bani Jadhima. Walitaka kusema kuwa wamesilimu, lakini hawakuweza kulitamka neno lenyewe vizuri. Khalid akawaua baadhi yao, kisha akaamrisha kila mtu amuue mateka wake. Ibn Umar akakataa, yeye na wenzake. Habari ilipomfikia Mtume, aliinua mikono akajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na tendo lile, mara mbili. Kisha, kama walivyopokea wanahistoria, akamtuma Ali kuwalipa diya, hata fidia ya mali ndogo ndogo iliyoharibika.

Tazameni basi: askari alikataa amri ya dhuluma, kiongozi hakulificha kosa kwa ajili ya cheo cha mkosaji, na waliofiwa wakalipwa. Serikali ilipotangaza mwaka 2025 mpango wa kuwafidia walioumizwa katika maandamano, ilikuwa imeigusa sehemu moja tu ya somo hili. Fedha isiyotanguliwa na kukiri kosa yaweza kuwa bei ya kunyamazisha.

Nne, tujihesabu nafsi zetu. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi akafa, Mombasa. Ghasia zikazuka, makanisa yakaharibiwa, na askari wakauawa kwa bomu la mkono. Je, tulizilaani damu zote, au ile yetu tu? Tarehe 2 Februari 2014 askari walipouvamia Masjid Musa wakakamata watu zaidi ya 100, walikuwako wananchi waliosema: "Waacheni, hao ni magaidi." Miaka kumi baadaye risasi zikafika milangoni pa Bunge. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Basi yatupasa mambo matatu. Tusiieneze habari kabla ya kuithibitisha, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat. Aliyeona asifiche ushahidi, bali aupeleke kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Na mwenye mwana mwandamanaji amkataze moto na mawe, na mwenye mwana askari amfundishe kisa cha Ibn Umar.

Na kila mmoja ajiulize usiku wa leo: lau maiti angalikuwa mwanangu, ningalisema aliyataka mwenyewe? Na lau mpigaji angalikuwa mwanangu, ningalitaka ahukumiwe? Ikiwa majawabu yetu yatageuka kwa kugeuka jina la mtoto, basi mizani yetu imepotoka, na yatupasa kuitengeneza kabla ya kumpimia mtu mwingine.

Wabillahi ttaufiq.