Vitamini D Ughaibuni: Kununua Kidonge, Kupanga Sahani

Kijitabu hiki ni kwa familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza. Aliyekulia Mombasa, Unguja au Bujumbura amezoea jua la mwaka mzima, na ngozi inapopigwa na miale ya jua hilo ndipo mwili unapojitengenezea vitamini D. Huku mambo ni mengine. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua huwa chini sana angani. Hata siku ambayo mbingu ni nyeupe kabisa, iwe London, Leicester au Glasgow, miale inayohitajika haifiki ya kutosha. Isitoshe, ngozi nyeusi, ambayo ni kinga nzuri kule kwetu, huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Anayevaa buibui hupata miale michache zaidi, na vivyo hivyo anayefanya zamu za usiku na kulala mchana.

Upungufu huu hauji kwa kishindo. Mtu mzima huumwa mifupa na misuli, akachoka kupanda ngazi, akadhani ni baridi au ni kazi. Mtoto anaweza kupata matege au kuchelewa kutembea.

Kiasi gani

Mwaka 2016 mamlaka za afya za Uingereza zilitoa ushauri mpya: watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapewe mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, na kila aliyezidi umri huo afikirie kutumia mikrogramu hizo 10 kwa siku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaofunika mwili au kukaa ndani muda mwingi, wafikirie kuzitumia mwaka mzima. Ushauri huu unatuhusu moja kwa moja, na tunakuomba uuchukulie kwa uzito.

Mtoto mchanga anayenyonya apewe matone yenye mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku, tangu kuzaliwa mpaka atimize mwaka. Anayekunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, kwa kuwa maziwa hayo tayari yameongezewa. Mama mjamzito mwenye kipato kidogo aulize kuhusu mpango wa Healthy Start, ambao huwapa vitamini bure wanaostahili.

Dukani, kinachowababaisha wengi ni namba. Chupa moja imeandikwa mikrogramu 10, nyingine IU 400, na mnunuzi huona 400 ni nyingi akadhani amepata dawa kali. Ni kiasi kilekile. Kila mikrogramu moja ni IU 40, kwa hiyo IU 1,000 ni mikrogramu 25, na IU 4,000 ni mikrogramu 100. Hiyo 100 ndiyo mpaka ambao mtu mzima hapaswi kuuvuka kwa siku bila agizo la daktari. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 mpaka ni 50, na kwa aliye chini ya mwaka ni 25. Zipo chupa za IU 5,000 na zaidi zinazouzwa waziwazi. Usizinunue kwa kufikiri kwamba kikubwa ndicho bora.

Tafuta iliyoandikwa D3, kwa sababu hupandisha kiwango cha vitamini D mwilini vizuri kuliko D2. Angalia pia ganda la kidonge. Vidonge laini vingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Kama lebo haisemi ni halali wala haisemi ni ya mimea, muulize mfamasia au chukua kidonge kikavu. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta. Bei kubwa si dalili ya ubora: kidonge cha kawaida cha famasi chenye mikrogramu 10 kinatosha.

Virutubishi vinavyokwenda pamoja nayo

Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu, yaani madini ya chokaa. Kama kalsiamu haimo sahanini, vitamini peke yake haina cha kufyonza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Nigeria, nchi yenye jua tele, ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D pekee. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno.

Mtu mzima huku hushauriwa apate miligramu 700 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa hutoa zaidi ya 200. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni hazina, wawe wakavu wa nyumbani au wa kopo. Uji wa wimbi unashinda kwa mbali uji wa mahindi. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri, ilhali mchicha, pamoja na faida zake nyingine, huishikilia kalsiamu yake na kutuachia kidogo.

Magnesiamu nayo inahitajika ili ini na figo ziigeuze vitamini D iwe katika hali inayofanya kazi. Maharage, kunde, karanga, ufuta na unga usiokobolewa vinayo. Kwa wengi wetu, pishi la kunde na mboga za majani linatosha bila chupa ya ziada.

Kuna chupa zinazochanganya D3 na vitamini K2, na husifiwa sana. Ushahidi uliopo hautoshi kumfanya mwenye afya azilipie. Anayetumia warfarin asiziguse kabla ya kuzungumza na daktari, kwani vitamini K huipunguzia nguvu dawa hiyo.

Tahadhari

Vitamini D ikizidi kwa muda mrefu, kalsiamu hujaa kwenye damu. Dalili zake ni kichefuchefu, kiu, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu na kuchanganyikiwa, na figo zinaweza kuharibika. Miaka ya 1950 hapahapa Uingereza watoto wachanga waliugua hivyo kutokana na vyakula vilivyotiwa vitamini D kupita kiasi.

Mwenye ugonjwa wa figo, mawe kwenye figo au kalsiamu nyingi damuni asianze kabla ya kumwona daktari. Azungumze naye pia anayetumia digoxin, dawa za kifafa au rifampicin ya kifua kikuu. Mama mjamzito aepuke mafuta ya ini la samaki, kwa sababu yana vitamini A inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya kalsiamu visimezwe wakati mmoja na vya madini ya chuma au vya tezi ya shingo.

Wengi hutuma vidonge nyumbani kwa wazazi. Kabla ya kufunga mzigo, waulize wanatumia dawa gani. Na usimtumie mtu yeyote vidonge vya IU 20,000 ulivyoandikiwa wewe: daktari alivipima kwa damu yako na kwa muda maalumu.

Weka chupa mahali ambapo watoto hawafiki, hasa peremende za vitamini. Mtoto akizila nyingi, piga 111, namba ya simu ya huduma ya afya (NHS), na ushike chupa mkononi uwasomee lebo. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.