HAKI YA NJIA: MPANDA BAISKELI NA MWENDA KWA MIGUU

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu mwanafunzi, umekwisha kujifunza adabu za kula, za kulala na za kuingia msikitini. Somo letu hili ni la adabu za njiani, khasa pale mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu wanapotumia njia moja. Usilidharau. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Barabara kubwa tumewaachia askari na madereva. Lakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambamo gari haipiti, na katika njia za shamba, usalama wa watu umo mikononi mwetu wenyewe.

1. Njia ina haki yake

Amepokea Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Wakasema hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumza. Akawaambia kuwa ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia kuudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Tazama jambo la pili: kujizuia kuudhi watu. Ikiwa mtu aliyekaa tu ametakiwa asimuudhi mpita njia, vipi kuhusu yule anayepita kwa kasi juu ya chuma? Tena tumesoma katika hadithi ya matawi ya imani kwamba tawi la chini kabisa ni kuondoa chenye kudhuru njiani. Basi mwanafunzi anayeokota mwiba njiani akapata thawabu, kisha akapanda baiskeli na kuwatisha vizee, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

2. Nani aanze kutoa salamu?

Katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.), waliyoipokea pia Bukhari na Muslim, tumefundishwa kuwa aliyepanda humsalimia anayetembea, anayetembea humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi.

Tulizingatie neno la kwanza. Aliyepanda yuko juu, ana mwendo, na akimgonga mwenziwe, yule wa chini ndiye atakayeumia zaidi kwa kawaida. Huyu mwenye nguvu ndiye aliyetakiwa aanze kwa kumtakia amani mwenye udhaifu. Hakuambiwa asubiri apishwe.

Na salamu hiyo haitimii kwa mtu anayepita kama mshale. Ili umsalimie mtu ni lazima umwone, upunguze mwendo, umkaribie kwa kiasi cha kusikika, na yeye apate nafasi ya kuitika. Ukiyafanya hayo manne huwezi kumgonga. Kwa hiyo salamu ya mpanda baiskeli ni ibada, na papo hapo ni kinga ya ajali. Kengele ni nzuri, lakini ipigwe kwa mbali na kwa upole. Kengele inayopigwa mgongoni mwa mtu ghafla humfanya aruke, na mara nyingi hurukia upande ule ule unaopita wewe.

3. Hesabu ya breki

Sasa chukua kalamu. Mpanda baiskeli anayekwenda kilomita 18 kwa saa anakata mita 5 kila sekunde moja. Mtoto akitokea mlangoni, sekunde moja hupita kabla mkono haujakamata breki. Mita 5 zimekwisha kwenda. Tukikadiria kuwa breki ni nzima na njia ni kavu, atahitaji kama mita 5 nyingine kusimama. Jumla ni mita 10.

Akipunguza mwendo kwa nusu, yaani kilomita 9 kwa saa, sekunde ile ya kwanza itachukua mita 2 na nusu, na kusimama kutachukua kama mita 1 na robo tu. Jumla haifiki mita 4. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini masafa ya kusimama baada ya kukamata breki yamepungua mara nne. Hii ndiyo siri ya mwendo wa wastani.

Ongeza mvua juu yake. Breki za mpira zinazobana ukingo wa gurudumu hushika kwa kuchelewa zikirowana. Na katika kichochoro, kona inaweza kuwa mita 3 mbele yako, na nyuma yake hujui kuna nani. Asiyeona mita 10 mbele yake asende mwendo unaohitaji mita 10.

4. "Sikukusudia" haifuti haki ya mtu

Vijana wengi wakimgonga mtu husema, "Bahati mbaya, sikukusudia." Kutokukusudia kunaondoa dhambi ya makusudi, lakini hakuondoi haki ya aliyeumizwa. Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj kinachosomwa sana na sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ametaja kuwa mtu aliye pamoja na mnyama wake ana dhamana ya kile anachokiharibu mnyama huyo, usiku na mchana. Mnyama ana hiari yake na huweza kushtuka. Baiskeli haina hiari, inakwenda unapoielekeza. Basi mwenye baiskeli ana udhuru mdogo zaidi.

Na katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah (S.W.) ameweka diya na kafara kwa anayemuua muumini kwa kukosea. Uhai wa mtu hauendi bure kwa neno "nilikuwa nina haraka".

5. Adabu za mpanda baiskeli

(a) Kagua breki, kengele na upepo wa magurudumu kabla ya kutoka.
(b) Pita upande wa kushoto, na usipite kasi karibu na watoto, wazee, wajawazito na wasioona. Baiskeli haina mlio. Kizee asiyesikia vizuri hajui kuwa upo.
(c) Kwenye kona na penye watu wengi, shuka ukokote. Kushuka si unyonge.
(d) Kunja kanzu au buibui isiingie kwenye mnyororo.
(e) Usiku weka taa mbele na taa au kioo chekundu nyuma.
(f) Ukibeba pakacha, kuni au majani ya ng'ombe, kumbuka mzigo umekuongezea upana. Wewe utapita, mzigo utampiga mtu.
(g) Usiende kasi kwa kuwahi sala au futari. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuiendea sala kwa utulivu hata tukisikia ikama, tusali tulichokiwahi na tukamilishe kilichotupita.

6. Adabu za mwenda kwa miguu na wa barazani

Haki haiko upande mmoja tu. Mwenda kwa miguu asijaze njia kwa kutembea wanne sambamba wakishikana mikono. Asigeuke au kuvuka ghafla bila kutazama nyuma, wala asitembee macho yakiwa kwenye simu. Barabara isiyo na njia ya miguu atembee kulia, ili aone kinachomjia mbele. Akitembea na mtoto, mtoto awe upande wa ndani, mbali na magari na baiskeli. Akisikia "hodi, hodi" au salamu, aitike na asogee. Kukaidi kwa makusudi nako ni kuudhi.

Anayekaa barazani asinyooshe miguu njiani, asimwage maji yanayoteleza, asiache maganda ya ndizi. Na akimwona kijana anakwenda kasi, amkataze kwa maneno mazuri bila kumtukana.

7. Neno kwa wazazi

Mzazi, usimpe mtoto baiskeli ya mtu mzima ambayo miguu yake haifiki chini, kisha ukamtuma dukani. Na unapompakia mtoto nyuma, hakikisha miguu yake haifiki kwenye spoki. Gurudumu linalozunguka huukata kisigino kwa mara moja, na kidonda hicho ni kizito kupona. Weka kizuizi pembeni mwa gurudumu na mahali pa kukanyagia.

Maswali ya kujipima

1. Taja haki tano za njia.
2. Kwa nini aliyepanda ndiye anayeanza kumsalimia anayetembea? Toa sababu mbili.
3. Khamis anakwenda kilomita 18 kwa saa, na mtoto ametokea mita 7 mbele yake. Je, atawahi kusimama? Je, angekuwa anakwenda kilomita 9 kwa saa?
4. Pita njia ya kutoka nyumbani kwenu hadi madrasa. Andika sehemu tatu ambapo mpanda baiskeli anapaswa kushuka, na umwonyeshe mwalimu wako.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa waja wake wanaotembea ardhini kwa unyenyekevu, na atufikishe majumbani mwetu salama, sisi na tunaopishana nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.