Masomo Pekee Hayamjengi Mwanafunzi

Huenda unaishi Section 58, Nakuru, na mwanao anasoma Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Kila asubuhi hupanda matatu, na masomo yakiisha hurudi nyumbani mbio. Wewe wafurahi kwamba hazururi. Lakini je, ana rafiki hata mmoja chuoni?

Upweke ni adui wa afya. Humnyima mtu usingizi na kumvunja moyo. Wengine hukimbilia pombe ili tu wapate wenzao.

Mhimize ajiunge na chama kimoja, si vitano. Kwaya, uigizaji, mijadala au kandanda, vyote vyafaa. Michezo ina faida mbili. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Akifanya mazoezi na timu mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara, atafikia kipimo hicho na kupata marafiki pia.

Hata hivyo, kiasi ni muhimu. Kubalianeni saa ya kurudi nyumbani, naye alale angalau saa 7.

Ukiona amejitenga, hataki chakula na hapati usingizi kwa wiki 2 au zaidi, usimkemee. Mpeleke kwa daktari au mshauri. Na akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo.