Kuthubutu na Kutawakali Katika Kutafuta Riziki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake.

Mas'ala. Wako watu wasemao ya kwamba hafanikiwi ila mwenye kuthubutu, na mwenye kuogopa jambo jipya hufa maskini. Na wako wasemao ya kwamba riziki imekwisha kugawiwa, basi hapana haja ya kujisumbua. Je, haki iko wapi?

Jawabu. Maneno yote mawili yana upungufu. Kuthubutu ni sababu moja katika sababu, wala riziki haimo mkononi mwake. Na mwenye kuacha sababu hakutawakali, bali amekaa bure. Amepokea Tirmidhi ya kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge, kisha atawakali.

Mtazame Abdurrahman bin Auf, r.a. Alipohamia Madina, Mtume s.a.w. alimfungia udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko. Akaanza kwa jibini kavu na samli, mpaka akawa katika matajiri wa Masahaba. Kuingia soko geni katika mji mgeni ni kuthubutu. Lakini alianza na kichache, katika kazi aliyoijua.

Ama jambo jipya, katika mwaka wa 5 wa Hijra (627), makabila yalipoungana kuishambulia Madina, Salman al-Farsi, r.a., alishauri lichimbwe handaki kama ilivyo desturi ya Waajemi. Waarabu hawakuwa wakipigana hivyo. Mtume s.a.w. akalikubali shauri, akachimba pamoja na watu wake. Basi bidaa iliyokatazwa ni kuzua katika dini, si kila jipya la dunia. Wala handaki halikufaa kwa upya wake. Lilifaa kwa kuwa mshauri alilijua, na likachimbwa upande uliokuwa wazi kwa adui.

Tena jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba khatari si moja.

Ya kwanza ni khatari ya biashara: bei kushuka, au jahazi kupatwa na dhoruba. Hii haina makosa, wala hapana mfanya biashara aliyesalimika nayo.

Ya pili ni gharari, yaani kuuza kisichojulikana au kisichoweza kukabidhiwa, mfano samaki walio baharini na ndege aliye angani. Hii imekatazwa.

Ya tatu ni kamari, ambayo mmoja hapati ila kwa kupotewa mwenziwe. Hii ni haramu kwa nassi ya Kurani, hata mchezaji akitajirika.

Ya nne ni kuthubutu kwa mali ya mtu mwingine, na hapa ndipo wengi huteleza. Zaidi akimpa Amri shilingi 1,000 afanyie biashara kwa nusu ya faida, zikawa 1,300, kila mmoja ana 150. Zikiwa 800, zile 200 ni khasara ya Zaidi, na Amri amepotewa na jasho lake, maadamu hakufanya uzembe wala hakuvunja sharti. Na katika madhhabi ya Imamu Shafii, Amri hana ruhusa kusafiri na mali ila kwa idhini; na akipewa idhini ya safari, haimtoshi kupanda bahari mpaka bahari itajwe. Akipanda bila ya hiyo, chombo kikazama, ni juu yake kulipa.

Basi mwenye kuchukua amana ya jirani, au mali ya yatima, au chakula cha mkewe na wanawe, akakitia katika jambo asilolijua, huyo hakuthubutu, bali amekhini. Hata akipata faida, dhambi iko pale pale, na ni wajibu wake kutubu na kurejesha haki za watu.

Ama aliyetia mali yake mwenyewe katika halali, baada ya kuuliza wajuzi na kuwawekea watu wake cha kuwatosha, kisha akapata khasara, halaumiwi. Wala khasara hiyo si dalili ya kuchukiwa na Mola wake, kama faida isivyokuwa dalili ya kupendwa. Mja huulizwa juu ya njia aliyoishika, na matokeo yako kwa Mwenyezi Mungu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.