SOMO LA BIBLIA: MIUJIZA YA BWANA YESU NA MTOTO MWENYE KIFAFA

Masomo: Marko 9:14-29, Mathayo 4:23-24, Mathayo 17:14-20, Luka 9:37-43



Mara nyingi Wakristo huuliza: Je, miujiza ingaliko hata leo? Na kama ingaliko, mbona mtoto wangu hajapona? Hapa Ifakara, na ng'ambo ya mto Kilombero katika vilima vya Mahenge, wanaouliza hivyo kwa uchungu ni wazazi wa watoto wenye kifafa. Basi, na tujifunze maana ya miujiza kwa kumtazama mtoto mmoja aliyeletwa kwa Bwana Yesu. Fungueni Biblia zenu.

1. MUUJIZA NI NINI?

Biblia huyaita matendo haya kwa majina matatu: miujiza, maajabu na ishara (Matendo 2:22). Jina la kwanza latukumbusha nguvu za Mungu. La pili laonyesha mshangao wa watu. La tatu latupa maana yake, na ndilo alipendalo Mtakatifu Yohana katika Injili yake (Yohana 2:11).

Ishara ni kama kibao cha njiani. Kibao kilichoandikwa "Mahenge" si Mahenge yenyewe. Msafiri akiketi chini yake na kukisifu mpaka jioni, hafiki aendako. Kadhalika miujiza ya Bwana Yesu yatuelekeza kwenye Ufalme wa Mungu. Ndiyo sababu alikataa kuwapa ishara Mafarisayo waliotaka kumjaribu (Marko 8:11-12), lakini wajumbe wa Yohana Mbatizaji aliwaambia wakamweleze kwamba vipofu wanaona, viwete wanakwenda na maskini wanahubiriwa Habari Njema (Mathayo 11:4-5).

2. MTOTO KATIKATI YA MABISHANO

Bwana aliposhuka mlimani aliwakuta wanafunzi wake na waandishi wakibishana. Wanafunzi walikuwa wameshindwa kumponya mtoto, na mtoto yupo pale pale, bado mgonjwa. Angalieni jambo hili. Na sisi leo huweza kubishana juu ya miujiza, huyu akisema ipo na yule akisema imekwisha, na mgonjwa akingoja mlangoni.

Bwana Yesu aliyaacha mabishano, akamwuliza baba ni tangu lini mtoto anapatwa hivi. Baba akamweleza kwamba ni tangu utoto, na kwamba mara nyingi huangushwa motoni na majini. Mama wa kwetu hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mafiga yako jikoni, mto uko karibu na shamba. Makovu ya moto ya wagonjwa wa kifafa twayajua, na waliozama mtoni twawakumbuka.

3. JE, KILA KIFAFA NI PEPO?

Kwa kuwa Mathayo 17 hutaja kifafa na pepo katika habari moja, wako wasomao na kusema kwamba kila mwenye kifafa ana pepo. Fundisho hilo limewaumiza wengi. Basi msomeni Mathayo yule yule, sura ya 4, aya ya 24. Huko awataja wenye pepo, halafu wenye kifafa, halafu wenye kupooza, kila kundi kwa jina lake. Na Bwana akawaponya wote. Mtoto yule mmoja Bwana alimtoa pepo, nasi twaamini. Lakini hatuna ruhusa ya kumfanya awe kipimo cha wagonjwa wote.

Katika nchi yetu jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wengi waliotengwa kwa hofu, nao walipopewa dawa kila siku, wengi walipata nafuu kubwa. Baadaye wataalamu wameona kwamba kifafa ni kingi hasa katika vijiji vyenye ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Kwa hiyo anayemeza vidonge vya usubi vinapogawiwa kijijini anajilinda yeye na watoto wake.

4. BWANA ALIMSHIKA MKONO

Mtoto alipoanguka na kulala kimya, wengi walisema amekufa. Ndipo Bwana Yesu akamshika mkono, akamwinua, akasimama (Marko 9:27). Mtakatifu Luka aongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake (Luka 9:42).

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kwetu watu wameogopa kumshika mgonjwa aliyeanguka, wakidhani mate yake huambukiza. Mgonjwa ameachwa motoni kwa sababu ya hofu hiyo. Amepewa sahani yake peke yake, ametolewa shuleni, amekosa mchumba. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Na hata pale ambapo watu hawakujua hivyo, Bwana aliunyosha mkono wake. Kumwondolea mtoto ugonjwa na kumrudisha nyumbani ni kazi moja ya Ufalme wa Mungu. Sehemu ya kwanza hatuna uwezo nayo sisi wenyewe. Sehemu ya pili ametuachia mikononi mwetu.

Basi ukimwona mtu ameanguka, mwondoe karibu na moto au maji, umlaze kwa ubavu, ulegeze nguo za shingoni. Usimtie kitu kinywani wala usimkandamize. Kaa naye mpaka azinduke. Kama mtukutiko umepita dakika 5, apelekwe hospitali upesi.

5. SALA NA DAWA

Wengine husema kwamba mwenye imani hanywi dawa. Lakini kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba tabibu apewe heshima yake, maana Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa zatoka katika nchi kwa amri yake. Mtume Yakobo naye aagiza wazee wa Kanisa waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta (Yakobo 5:14). Mambo hayo mawili hayapigani.

Twakumbuka mwaka 2011 maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wengine waliacha dawa zao za hospitali, na wengine walifariki wakiwa kwenye foleni. Mgonjwa wa kifafa akiacha dawa ghafla, degedege laweza kumrudia mfululizo na hata kumwua. Mwombeeni, mwekeeni mikono, lakini asiache dawa pasipo shauri la daktari. Dawa inayomwezesha mtoto kulala salama karibu na moto nayo ni kipaji cha Mungu.

6. NA ASIYEPONA?

Katika Kanisa letu la Anglikana twamkumbuka Edmund John, mlei, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 aliwaombea wagonjwa wengi, akiwaita watu watubu na kutupa hirizi zao. Naye mwenyewe aliugua akafa mwaka 1975. Je, imani yake ilipungua? Hasha. Mtume Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20), na mwiba wake mwenyewe haukuondolewa (2 Wakorintho 12:7-9).

Kwa hiyo mtu asimwambie mama kwamba mtoto hajapona kwa sababu yeye hana imani. Baba yule wa Injili alikiri kwa machozi kwamba imani yake ina upungufu, akaomba asaidiwe. Na Bwana hakumfukuza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kuna tofauti gani kati ya kutafuta ishara na kumtafuta Bwana?
2. Katika mtaa wetu, ni nani mwenye kifafa ambaye haji kanisani? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Tufanye nini ili wanaoombewa wasiache dawa?

TUOMBE

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemshika mkono mtoto aliyeanguka, utujalie kutowaogopa wale unaowapenda. Uwabariki waganga na wauguzi, uwatie nguvu wazazi waliochoka, na wote wanaoanguka uwainue, hapa na katika Ufalme wako. Amina.